Kiti cha Kurudi

Mgeni wa kigeni anapofika chuoni kwetu huuliza mambo mawili kabla hajafungua begi: intaneti ikoje, na tutakuwa tunasafirije. La kwanza nalijibu kwa sentensi moja. La pili nimekuwa nikilijibu kwa miaka miwili sasa, tangu nianze shahada ya uzamili hapa Morogoro, na kila nikilijibu naona sijalimaliza.

Majibu ya kawaida ninayo. Ukitoka Dar es Salaam, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024 itakushusha Kihonda, na basi litakushusha Msamvu. Kutoka hapo kuna daladala, bodaboda, bajaji na teksi. Ndani ya mji daladala inakufikisha karibu kila unakotaka, mradi huna haraka na huoni vibaya kiwiko cha mwenzako kikikaa ubavuni mwako. Ukitaka Mgeta unafuata njia ya Mzumbe, unachepuka Sangasanga na kuanza kupanda kuelekea Langali na Nyandira, kwenye gari lililojaa watu kwenda na kabichi kurudi. Ukitaka Kinole au Matombo unatokea Bigwa, upande wa mashariki. Na ukitaka Morningside, lile jengo la enzi za Wajerumani lililokaa mgongoni mwa mlima kama kofia iliyosahauliwa, una miguu yako au una boda.

Kwenye boda ndipo mambo yanapoanza.

Daladala ina nauli iliyopangwa na LATRA. Konda hakuulizi umetoka wapi wala baba yako anafanya kazi gani. Nasema hakuulizi, lakini kuna mtu mmoja anayeulizwa kila siku: mwanafunzi mwenye sare. Yeye analipa 200, mtu mzima analipa mara mbili au tatu ya hapo, na kwa sababu hiyo ndiye anayezuiwa mlangoni saa kumi na mbili asubuhi huku watu wazima wakipita pembeni yake. Kila aliyesoma shule ya kutwa nchi hii anaijua picha hiyo. Iweke kando kwanza, nitaihitaji mbele.

Boda haina nauli. Ina mazungumzo. Siku moja nilikuwa na mtafiti kutoka Ujerumani, mwanafunzi kama mimi, umri kama wangu, anayetaka kupanda Morningside na kurudi jioni. Tukafika kijiweni. Dereva, kijana mpole tu, akamtazama mgeni, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie elfu thelathini, dada. Tano yako."

Sasa fikiri upo kwenye nafasi hiyo. Mmoja hajui Kiswahili, mwingine hajui Kijerumani, na wewe ndiye daraja. Kila mmoja anaamini daraja ni lake.

Nikamwambia mgeni kila kitu: kwamba bei iliyotajwa ni 30,000, kwamba 5,000 kati ya hizo nimeahidiwa mimi na sizitaki, na kwamba mtu wa mlimani angelipa kama nusu ya hapo. Dereva hakujua lugha tuliyokuwa tukiongea, lakini alizijua tarakimu. "Dada," akasema, "umenivua nguo." Hakukasirika sana. Alihuzunika zaidi, kama mtu aliyemwona ndugu yake akishangilia timu ya wapinzani. Na mgeni, badala ya kunishukuru, akaniuliza swali ambalo limenifanya niandike haya: "Sasa bei halisi ni ipi?"

Zile 5,000 sikuzikataa kwa utakatifu. Nilizikataa kwa sababu zina jina, na jina lake ni hongo. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima hii. Burton na Speke walipita huku mwaka 1857, na Stanley alipita mwaka 1871, akauandika mji wenye kuta alioujenga Kisabengo, mji alioukuta ukiitwa Simbamwene. Mimi ni mtu wa Tabora, na watu wa kwetu ndio waliosifika kwa kubeba mizigo ya safari hizo, kwa hiyo ninapomsikia mgeni akiuliza atabebwaje mlimani, kuna kitu ndani yangu kinageuka na kusikiliza. Enzi hizo hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa malipo ambayo msafara uliyatoa kwa mtawala wa eneo ili upite: nguo, shanga, waya. Ugogo ndiko ilikokuwa nzito kuliko kote, na wasafiri wengi waliilalamikia kwenye vitabu vyao kama wizi wa mchana. Lakini Ugogo ni nchi kavu. Msafara wa watu mamia ukifika kisimani unakunywa maji ambayo mtu fulani na ng'ombe wake walikuwa wayanywe kesho. Hongo, kwa maana yake nzuri, ilikuwa njia ya kusema: tumekunywa sehemu yenu.

Kwa hiyo pale kijiweni kulikuwa na hongo mbili. Moja ni ile 5,000 yangu, kwa maana ya leo. Nyingine ni ile ziada ya mgeni, na hiyo sikuwa na hakika ni ya maana ipi.

Wapo watakaosema ziada yoyote ni wizi. Umbali ni uleule, mafuta ni yaleyale, kwa nini ngozi iongeze bei? Hoja hii ina nguvu, hasa kwetu tuliofundishwa kwamba binadamu wote ni sawa. Lakini tukiifuata mpaka mwisho wake tutagonga ukuta wetu wenyewe. Pale kwenye lango la Hifadhi ya Mikumi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, mgeni wa nje anatozwa kwa dola na Mtanzania kwa shilingi, na hatuoni haya. Waitalia nao hawaoni. Venice, mji ambao barabara zake ni maji, mgeni akipanda boti ya abiria analipa yuro 9.50 kwa tiketi ya dakika 75, na mkazi mwenye kadi analipa yuro 1.50. Aprili 2024 mji huohuo ulianza kumtoza yuro 5 mgeni wa kutwa kwa kuingia tu, katika siku zilizotajwa za msongamano. Hakuna anayemwita nahodha wa Venice tapeli. Dereva wetu akifanya kwa mdomo kile ambacho Venice inafanya kwa bango, anaitwa tapeli.

Utasema tofauti ipo: bango linasema ukweli. Nakubali. Ndiyo sababu nilitafsiri kila kitu siku ile. Lakini ukweli ukishasemwa, swali la mgeni linabaki palepale. Bei halisi ni ipi?

Mwitalia mmoja wa karne ya 13, Thomas Aquinas, alilishughulikia swali hili kwa makini ambayo ningependa kuyaona kwenye vikao vya madereva. Anasema muuzaji akipata hasara kwa kukitoa kitu chake, ana haki ya kuongeza bei ifidie hasara hiyo. Lakini kama ziada inatoka tu kwenye uhitaji mkubwa wa mnunuzi, huwezi kuitoza, kwa sababu uhitaji wa mnunuzi si mali yako. Huwezi kuuza kisicho chako. Nilipousoma mstari huo wa fikra nilifunga kompyuta nikatembea. Maana yake ni kwamba ugeni wa mgeni, kutojua kwake njia, fedha zake za mfukoni, hivyo vyote ni vyake. Dereva anaweza kuuza mafuta, muda, tairi linaloliwa na mawe ya mlimani, na hatari ya kuteleza. Basi.

Na hapo ndipo nilipoanza kumtetea dereva, kwa sababu Aquinas hajawahi kuishi Morogoro.

Ile bei ya mwenyeji, hebu tuitazame. Je, ndiyo bei ya mafuta na tairi? Siyo. Wiki zangu za kwanza hapa nilikuwa nalipa zaidi ya jirani yangu kutoka njia panda hadi nyumbani, na sikujua. Bei yangu ilishuka taratibu, bila mtu kunitangazia, baada ya mambo kadhaa kutokea. Nilimsubiri dereva aliyepasukiwa gurudumu badala ya kumwita mwingine. Nilichanga kwenye msiba wa mama wa mmoja wao. Nilimkopesha mtu na nikakopeshwa: siku sina chenji naambiwa, "Nenda tu dada, utalipa kesho." Usiku wa manane mwenzetu wa bwenini aliposhikwa na tumbo, alikuja mtu ambaye kwa nauli aliyolipwa asingepaswa hata kuamka. Bei ya mwenyeji, kwa hiyo, ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine inalipwa kwa vitu visivyopita kwenye mkono. Mgeni anayedai kulipa kama mwenyeji anaomba punguzo la chama ambacho hajalipia ada.

Wahenga walilisema hili kwa lugha ya shamba: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 alipoeleza Ujamaa, akisisitiza kazi. Mimi naisikia pia kwa upande wa pili. Jembe si adhabu. Jembe ndilo linalokutoa kwenye ugeni, na pamoja na jembe inakuja bei.

Kuna jambo lingine wanaopenda kubishana mia tano wanapaswa kulijua. Madereva wengi wa boda hawamiliki pikipiki. Wana hesabu ya bosi kila jioni, au wako kwenye mkataba, na hesabu haijui kama leo mvua ilinyesha. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chakula cha nyumbani. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100, na miongoni mwao walikuwamo madereva wa bodaboda. Wakati ule maneno mengi yalisemwa kuhusu tamaa. Sikuyapenda.

Basi nilikuwa nimefika mahali pazuri kabisa. Mgeni alipe zaidi, aambiwe kwamba analipa zaidi, dereva apate, mimi nisichukue chochote. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ningeweza kuandika insha hiyo na kulala.

Jumamosi moja nilipanda kwa miguu peke yangu kwa ajili ya kazi yangu ya utafiti. Mji wetu uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na vilele vilivyo juu yake, Bondwa na Lupanga, vinapita mita 2,000, kwa hiyo ukipanda unapanda kweli. Kando ya njia, juu ya maporomoko, nilimkuta mama amekaa kwenye jiwe na kata yake mkononi. Pembeni yake kulikuwa na mikungu miwili ya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko chini hujapishana na boda inayopanda tupu?"

Nilipishana na boda nne. Zote zilikuwa na wageni. Nikamwambia.

"Jumamosi boda ni za wageni," akasema, bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja msimu wa mvua. "Sisi tunangoja washuke. Nikifika sokoni saa tano, bei imeshalala."

Nikapanda mpaka Morningside. Zile boda nne nilizikuta pale, chini ya mti, zimeegeshwa. Madereva wamelala chali wakicheza na simu. Wageni wao walikuwa wakipiga picha, wakila mikate, wakiutazama mji kwa chini, na mmoja nadhani alikuwa akitafakari. Wamelipia kwenda na kurudi, na ndani ya bei hiyo wamelipia pia kungojwa. Saa tatu nzima pikipiki nne zilikaa kimya mlimani, huku mikungu miwili imekaa kimya njiani, na soko kuu la Chifu Kingalu likishusha bei kila robo saa. Mwishowe mama alibeba mkungu mmoja kichwani akashuka, mwingine akauacha kwa jirani. Kichwa ni kimoja.

Hapo ndipo nilipoona kasoro kwenye hesabu ya Aquinas, na kwenye yangu. Sote wawili tulikuwa tunahesabu watu wawili: anayeuza na anayenunua. Kama bei ni ya haki kati yao, mambo yameisha. Lakini anayeumizwa na bei ya mgeni si mgeni. Yeye ana fedha na atazisahau akifika uwanja wa ndege. Anayeumia hayupo kwenye mazungumzo. Hajui hata kama mazungumzo yamefanyika. Ni yuleyule mwanafunzi wa 200 mlangoni mwa daladala: kila mtu amekubaliana na kila mtu, na yeye kabaki kituoni. Tofauti ni kwamba mwanafunzi anazuiwa na bei yake ndogo tukiwa tunamtazama, na mama wa ndizi anazuiwa na bei kubwa ya mtu mwingine, asiyemjua.

Mtu wa Ugogo angelielewa hili haraka kuliko sisi. Msafara hukunywa maji. Boda ya Jumamosi asubuhi ni kisima.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiwe nikamwuliza kama wasingeweza kutenga pikipiki mbili za mizigo Jumamosi mpaka saa nne. Alinisikiliza vizuri, akanikaribisha kahawa. Kisha akauliza, "Na hesabu ya hao wawili, dada, italipwa na nani?" Sikuwa na jibu, na yeye hakulisubiri. Aliuliza kwa upole wa mtu anayemwonyesha mtoto kwamba moto unachoma.

Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa tutasafirije, kwa Morningside nasema hivi: panda na boda, lipa bei ya kwenda na kurudi kama kawaida, halafu mwache dereva ashuke. Wewe shuka kwa miguu. Njia inapita mashambani, kuna maji, kuna kivuli, na magoti yako ni ya mtu wa miaka ishirini na kitu. Kile kiti cha kurudi umekilipia, lakini usikikalie. Boda itashuka ikiwa na nafasi saa tatu asubuhi badala ya saa saba mchana, na njiani kuna watu wenye mizigo.

Wengine hukubali palepale. Wengine hukataa, na mmoja alikataa kwa hoja ambayo sijaweza kuiangusha. Alikuwa mhadhiri, mtu mzima, mtaratibu. "Nikilipia kiti nisichokalia," alisema, "nimetoa sadaka na kuiita nauli. Sadaka napenda kuitoa nikijua ninampa nani. Na huyo dereva, akimkuta mama njiani, si atamtoza tena? Basi ameuza kiti kimoja mara mbili." Nilimwambia inawezekana. Akaniuliza kama naona ni sawa. Nikasema naona ni bora kuliko pikipiki kulala chini ya mti. Akasema bora na sawa ni vitu viwili, na kwa hilo alikuwa amenishinda, ingawa yeye ndiye aliyeishia kupanda kwa miguu kwenda na kurudi, kwa hasira ya kiungwana, na akatuchelewesha chakula cha mchana.

Mwenzake alikubali. Tulipokuwa tunashuka, pikipiki iliyompandisha ilikuwa imeshapita zamani. Watoto wa shambani walituambia ilibeba ndizi za mama fulani. Jioni nikamwuliza dereva kama alimtoza.

"Dada," akasema, "mgeni kalipia kiti. Mama kalipia ndizi."

"Kiasi gani?"

Akawasha pikipiki.

Wiki iliyofuata nilimkuta mama yule sokoni, ameshamaliza kuuza mapema, anakunja gunia lake. Nikamsalimia, tukaongea habari za mvua na za mgongo wake. Kisha nikamwuliza yule kijana alimtoza shilingi ngapi kumshusha siku ile. Alinitazama kidogo.

"Wewe mwanangu kwenu ni wapi?"

"Tabora, mama."

"Ahaa." Akanikatia ndizi tatu kwenye kichane kilichobaki, akaniwekea mkononi, akakataa hela. "Hilo la nauli," akasema, "ni langu na kijana wangu."